Mapenzi ya Nani?

Huko Beni, mashariki mwa Kongo, kaburi likishafukiwa, kuna kauli mbili zinazosikika karibu kila mara. Ya kwanza husemwa na wazee: ni mapenzi ya Mungu, tufanye nini. Ya pili husemwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na vijana walio nyuma ya umati: kama Mungu yuko, alikuwa wapi? Mwenye kauli ya kwanza humwona wa pili amepungukiwa imani. Wa pili naye humwona wa kwanza kuwa amekata tamaa, kisha akaipa tamaa yake iliyokatika jina la heshima. Lakini wote wawili wanakubaliana pasipo kujua. Wote wanachukulia kwamba yaliyotokea usiku wa mauaji shambani yalikuwa mikononi mwa Mungu peke yake, na kwamba watu walioshika mapanga ni sawa na radi au mafuriko, vitu ambavyo havihojiwi. Sura hii inapinga dhana hiyo, na inaipinga kwa ajili ya Mungu kama inavyoipinga kwa ajili ya waliokufa.

Mauaji ya raia yalianza kwa wingi Oktoba 2014, miezi michache baada ya jeshi la Kongo kuanzisha operesheni ya Sokola 1 dhidi ya waasi wa ADF, kundi lililozaliwa Uganda miaka ya 1990 na kujichimbia katika misitu ya Rwenzori na bonde la Semliki. Ngadi, Mbau, Oicha, Eringeti: majina haya yalikuwa ya vituo vya njiani kati ya Beni na Ituri, leo ukiyataja Butembo, mji jirani, watu wanainamisha vichwa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2016 ilikuwa zamu ya Rwangoma, mtaa wa mjini Beni kwenyewe. Mei 2021 jimbo zima la Kivu Kaskazini liliwekwa chini ya utawala wa wanajeshi, na mauaji yameendelea, yakashuka hadi Lubero.

Kuna jambo moja kuhusu wauaji hawa ambalo mhubiri wa Beni hawezi kulikwepa. Tangu 2019 mashambulio yao yamekuwa yakitangazwa na kundi linalojiita Dola la Kiislamu, tena kwa jina la Mungu. Tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka ndani ya kanisa katoliki la Emmanuel-Butsili, mjini Beni, asubuhi ambayo watoto walitarajiwa kupewa kipaimara. Tarehe 15 Januari 2023 jingine likalipuka Kasindi, mpakani na Uganda, katika kanisa la kipentekoste la CEPAC, wakati wa ibada ya ubatizo, likaua watu wasiopungua 14. Wala hawakuwabagua Waislamu waliowakataa: Sheikh Ali Amini, aliyewakemea hadharani, alipigwa risasi akiwa msikitini Beni tarehe 1 Mei 2021, mwezi wa Ramadhani, saa ya sala.

Sasa tafakari kauli ya mazishini. Aliyetega bomu anasema Mungu ametaka. Anayezika anasema Mungu ametaka. Muuaji angesimama mlangoni mwa kanisa siku ya maziko, asingesikia neno la kumpinga. Angeitikia kwa kichwa akikubali. Ibada ambayo muuaji anaweza kuiitikia Amina ina kasoro kubwa, hata kama aliyeiongoza ana moyo safi na machozi ya kweli.

Injili ya Luka, mwanzoni mwa sura ya 13, ina habari ambayo ningependa ihubiriwe Beni mara kwa mara. Watu walimwendea Yesu na taarifa ya Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakiwa katika kutoa dhabihu zao. Ni watu waliouawa ibadani, kama wa Kasindi. Waliomletea habari walitaka kujua kosa la marehemu. Naye Yesu alilikataa swali lao, akaongeza mfano mwingine wa watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakana kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Hakusema Pilato alikuwa mkono wa Baba yake. Hakusema pia kwamba Baba yake alikuwa amelala. Aliwageukia walio hai mbele yake, akawataka watubu. Katika maneno machache alihamisha suala lote kutoka kwa wafu, ambao hawawezi kuchagua tena, hadi kwa waliosimama pale, ambao bado waliweza.

Msomaji makini wa Biblia atanisimamisha hapa, na ana haki. Je, Yusufu hakuwaambia ndugu zake kwamba Mungu alikuwa na kusudi jema katika yale waliyomtendea? Isaya hakuiita Ashuru fimbo ya Mungu? Na msalaba je? Petro, siku ya Pentekoste, alitangaza wazi kwamba Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokwisha kukusudiwa. Haya ni maandiko mazito, na anayefundisha enzi ya Mungu bila kuyapitia anadanganya watu.

Basi tuyapitie. Yusufu anataja makusudi mawili katika tukio lile lile: ndugu walikusudia ubaya, Mungu akakusudia wema. Hasemi makusudi yao yalikuwa ya Mungu. Wamepiga magoti mbele yake, wana hofu, na wana sababu ya kuwa na hofu. Ashuru ilitumiwa, halafu katika sura hiyo hiyo ya 10 Isaya anaitangazia hukumu, kwa sababu moyoni mwake haikuwa na nia ya kumtumikia yeyote ila tumbo lake. Petro naye, katika sentensi moja na shauri la Mungu, anawaambia wasikilizaji kwamba ni wao waliomwua kwa mikono ya watu waovu. Wakachomwa mioyo, wakauliza wafanye nini. Hakuna aliyejibu kwamba yalikuwa yamepangwa, basi twende nyumbani. Pale Biblia inapozungumzia mpango wa Mungu kwa nguvu zaidi, ndipo isipomwachilia mwanadamu hata kidogo.

Mtu wa kwanza kulitafakari fumbo hili kwa kina katika Kanisa la magharibi alikuwa Mwafrika. Augustino alizaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, mwaka 354. Pelagio alipofundisha kwamba mtu anaweza kutii amri za Mungu kwa nguvu ya hiari yake, Augustino alimpinga kwa miaka mingi, na Mtaguso wa Karthago wa 418 ukayalaani mafundisho ya Pelagio. Augustino alisema hiari yetu ipo, lakini ni mgonjwa, haiwezi kujiponya. Neema ya Mungu ndiyo huanza. Uzeeni alisisitiza uteule wa Mungu kiasi cha kuwatisha hata watawa waliompenda. Mtu anaweza kudhani haya ni mawazo ya mzee aliyekaa salama maktabani. Alifariki tarehe 28 Agosti 430 mjini Hippo, alikokuwa askofu, Wavandali wakiwa wameuzingira mji na wakimbizi wakiwa wamejaa ndani. Askofu yeyote wa Beni angelifahamu jiji hilo.

Wakristo hawajapata kukubaliana tangu hapo. Wareformati walikutana Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1618 na 1619, wakayakataa mawazo ya wafuasi wa Arminius waliosema neema inaweza kupingwa. Upande wa Wakatoliki, Wajesuiti na Wadominiko walishitakiana kuhusu neema na hiari hadi Papa Paulo V alipoufunga mjadala mwaka 1607 bila kumpa ushindi yeyote; kwa maoni yangu ni moja ya maamuzi ya busara ya Roma. Wabaptisti waligawanyika tangu karne ya 17, wengine wakisema Kristo alikufa kwa ajili ya wote, wengine kwa ajili ya wateule. Mirathi yote hii imefika Butembo kwa njia za wamisionari: Waasumpsionisti waliofika mwaka 1929, Wabaptisti ambao leo ni CBCA na wenye hospitali ya Katwa, Waadventisti wenye chuo kikuu Lukanga, Waanglikana ambao kwao Kongo huanza na Apolo Kivebulaya aliyekwenda Boga mwaka 1896. Na Wanande, wenyeji wa huko, walikuwa tayari wanamjua Nyamuhanga, Muumba wa vyote, kabla ya hao wote.

Kati ya majibu hayo, mimi nimesimama karibu na Thoma wa Akwino, ingawa sihitaji msomaji awe Mkatoliki ili anifuate. Watu wengi huwaza enzi ya Mungu na hiari ya mtu kama vijana wawili wanaosukuma chukudu moja, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo: mmoja akiweka nguvu zaidi, mwenzake ameweka kidogo. Kwa hesabu hiyo, ukimpa Mungu yote, mtu habakiwi na kitu. Ukimpa mtu uhuru, umempunguzia Mungu. Thoma alilikataa wazo hilo tangu msingi wake. Mungu si mtendaji mwingine kando yetu, mwenye mikono mikubwa zaidi. Yeye ndiye anayetufanya tuwepo, pamoja na uwezo wetu wa kuchagua. Ninapochagua jema, tendo ni langu lote na neema ni yake yote. Paulo anawaandikia Wafilipi jambo hilo hilo: anawahimiza waufanyie kazi wokovu wao kwa hofu na kutetemeka, kwa kuwa Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao. Amri na sababu yake vimekaa pamoja bila kugombana.

Na uovu? Hapo Thoma ni mkali. Mungu huuruhusu, hautaki. Tofauti hiyo kati ya kuruhusu na kutaka imedharauliwa na wengi kuwa ni ujanja wa wasomi. Mjane wa Mbau anaijua bila shule. Anajua tofauti kati ya baba aliyemwachia mwanawe uhuru na baba aliyemtuma mwanawe kuua.

Fundisho hili lilipata mwili huko huko Butembo. Emmanuel Kataliko alikuwa askofu wa Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, miaka ambayo dola la Mobutu lilikuwa likiporomoka na miji ya mashariki ikiachwa ijitafutie. Angeweza kuwafundisha waumini wake kusubiri. Aliwafundisha kujenga, na mwaka 1989 akaanzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, mahali ambapo serikali haikuwa na mpango wa chuo kikuu. Wafanyabiashara wa Butembo, wanaojulikana hadi Dubai na Guangzhou, wanakumbuka kwamba kwake sala na mchango vilikuwa jambo moja.

Mwaka 1997 alipewa uaskofu mkuu wa Bukavu, katika kiti cha Christophe Munzihirwa aliyeuawa barabarani tarehe 29 Oktoba 1996. Sehemu kubwa ya mashariki ilikuwa chini ya waasi wa RCD ilipofika Krismasi ya 1999. Kataliko akaandika barua kwa waamini. Alitaja mataifa ya nje yanayoendesha vita kwa utajiri wa Kongo. Angeishia hapo angepigiwa makofi na kila mtu. Akaendelea, akataja Wakongomani wanaoshirikiana nayo. Februari 2000 RCD walimzuia kurudi kazini, wakampeleka uhamishoni Butembo, kwa watu wake wa zamani. Aliruhusiwa kurudi Bukavu Septemba, na tarehe 4 Oktoba 2000 akafariki mjini Roma.

Nimeitafakari barua ile kama somo la theolojia zaidi ya siasa. Mtu anayeamini kwamba Mungu hatawali hana wa kumshitakia. Mtu anayeamini kwamba kila linalotokea ndilo Mungu analolitaka hana wa kumshitaki. Kataliko aliamini Mungu anatawala na kwamba wanadamu wanamkaidi, ndiyo maana aliweza kuandika. Alihesabu wanaume wenye bunduki, walio karibu naye na walio mbali, kuwa ni watu: wana akili, wana hiari, kwa hiyo wana deni. Kuwaona hivyo ni kuwaheshimu kuliko wao walivyojiheshimu.

Ebola ikaleta mtihani wa namna nyingine, kwa sababu kirusi hakina hiari. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kutoka Mangina, karibu na Beni, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa. Hapa msemo wa mapenzi ya Mungu ungeonekana kuwa mahali pake: hakuna aliyetega ugonjwa. Hata hivyo, ukifuatilia njia yake kutoka Beni hadi Butembo na Katwa, unakutana na uchaguzi wa wanadamu kila hatua.

Tarehe 26 Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi, ikitaja Ebola na usalama, ilhali rais angechaguliwa tarehe 30 Desemba bila watu hao. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalikuwa yanajaa. Watu wa Beni walipanga foleni siku hiyo ya kura wakapiga kura yao wenyewe ya mfano, kuonyesha kwamba wanaweza. Lakini uharibifu ulikuwa umefanyika: wengi waliamini kwamba ugonjwa ni mbinu, na kwamba Riposti, kama wote walivyoziita timu za kupambana na Ebola na magari yao, wamekuja kwa ajili ya fedha. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya wiki moja. Tarehe 19 Aprili, Ijumaa Kuu, Daktari Richard Mouzoko wa Kameruni, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi akafa katika hospitali ya chuo kikuu, Butembo. Makanisa ya mji huo siku hiyo yalikuwa yanasoma mateso ya mtu asiye na hatia.

Wachungaji nao walichagua. Palikuwa na vyumba vya maombi vilivyowapokea wagonjwa wenye homa, wakawekewa mikono na kuombewa usiku kucha, na ugonjwa ukahama kutoka mkono hadi mkono. Mgonjwa wa kwanza kufika Goma, Julai 2019, alikuwa mchungaji aliyetoka kuwahudumia watu Butembo. Simhukumu, alikwenda kwa wagonjwa wakati wengine waliwakimbia. Lakini fundisho lililozunguka siku zile, kwamba aliyekombolewa hahitaji chanjo kwa kuwa Mungu amekwisha kuihesabu siku yake, lilikuwa fundisho la uongo kuhusu Mungu, na liliua. Shetani, katika jangwa la Injili, alimwalika Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu kwa hoja hiyo hiyo ya ulinzi wa malaika, tena akiwa na zaburi mdomoni.

Upande wa pili walikuwapo mapadri na wachungaji waliochanjwa mbele ya waumini, makanisa yaliyoacha kushikana mikono wakati wa kutakiana amani, ndoo za maji ya klorini kwenye milango. Watu zaidi ya 300,000 walipata chanjo. Walikuwapo waliopona ambao, kwa kuwa walikuwa na kinga, walikaa na watoto wachanga wa mama waliolazwa. Huko Beni, kuanzia Novemba 2018, yalifanyika majaribio yaliyoonyesha dawa mbili zinazookoa, hasa kwa aliyefika hospitali mapema. Moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, kwa kazi iliyomhusisha Profesa Jean-Jacques Muyembe. Waliopona wakitoka kituoni waliimba kwamba Mungu amewaponya, na baadhi ya wageni waliona hilo linawadhulumu madaktari. Halimdhulumu mtu. Kinga iliyokaa katika damu ya mtu wa Kikwit kwa miaka, mkono uliochoma sindano, mguu wa mgonjwa uliokubali kwenda siku ya pili badala ya siku ya sita: ukimwondoa Mungu katika hayo, umemtafuta wapi kwingine?

Linabaki swali la kijana wa nyuma ya umati, na sitalijibu kwa haraka. Mungu aliyeweza kuzuia Kasindi, kwa nini hakuzuia? Wanaosema hakuweza, kwa sababu ya kuheshimu uhuru wa watu, wanasahau kwamba uhuru wa waliobatizwa siku ile nao ulikuwa na thamani. Wanaosema aliona faida iliyofichika wanapaswa kwenda kuisema mbele ya wazazi wa marehemu, na nadhani sauti itawakwama. Ayubu alikuwa na marafiki watatu waliomtetea Mungu kwa ufasaha mkubwa. Mwishoni Mungu aliwakasirikia watetezi wake, akasema Ayubu, aliyelalamika na kudai mashitaka yasikilizwe, ndiye aliyesema yaliyo sawa, akawatuma wakaombewe naye. Kijana wa Beni anayeuliza Mungu alikuwa wapi anaomba. Asinyamazishwe na mzee wala na mimi.

Nimefikiria sana wakulima wa kakao wa Mangina na Mutwanga. Mavuno hayangoji amani, na karo za watoto hazingoji pia. Mama mmoja anapokwenda kwa mchungaji wake jioni kuuliza kama aende shambani kesho, fundisho lote la sura hii liko mezani. Asimwambie aende kwa kuwa Mungu atamzingira na moto. Asimwambie pia kwamba kama saa yake imefika, hata kitandani atakufa. Amuulize njia ikoje wiki hii, majirani gani wanakwenda, askari wako wapi, nani atamjulisha akisikia risasi. Kisha waombe pamoja, kwa muda anaouhitaji. Akiamua kwenda, amekwenda kwa hiari yake mbele za Mungu anayempenda. Na asiporudi, siku ya maziko mchungaji huyo huyo asimame aseme kwamba ameuawa, aseme na nani kama inajulikana, na adai mbele ya umma na mbele ya Mungu wakamatwe na kuhukumiwa.